Wakili hakutokea mahakamani, nimehukumiwa upande mmoja na dalali keshaleta notisi. Hii hukumu inatenguliwa kweli?

Saruji_na_Nondo

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wa haraka kwa wanaojua sheria au yeyote aliyewahi kupitia hili, leo siku ya pili silali.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Kuna muuzaji wa jumla nilikuwa nachukua kwake mzigo kwa mali kauli, saruji, nondo, bati, tukaenda vizuri karibu miaka miwili halafu tukaja kutofautiana hesabu. Yeye anasema ananidai milioni 41 na laki 6, mimi kwa risiti zangu nilishamlipa milioni 29, nyingine zilipita benki nyingine nilituma kwa simu, kwa hiyo deni ninalolijua mimi ni milioni 12 na laki 6 na hiyo sijawahi kuikataa hata siku moja. Akanifungulia kesi mahakama ya wilaya. Samansi niliipokea na kusaini mwenyewe, sikukimbia, wiki ileile nikatafuta wakili, tukakubaliana milioni na nusu nikampa laki 8 za kuanzia na risiti akanipa. Akaandika utetezi ukapelekwa, ninayo nakala ina muhuri wa mahakama. Tukaenda kwenye usuluhishi nikiwepo, hatukuelewana, faili likarudi kwa hakimu ili ipangiwe kusikilizwa.

Kuanzia hapo ndo mambo yalipoharibika. Kila nikimpigia wakili ananiambia tulia, tarehe ikitoka nitakuita wewe na mashahidi wako. Nikimtumia meseji anajibu "bado", mara "hakimu yuko likizo", mara "tarehe imesogezwa". Mwezi wa nane simu ikawa haipokelewi kabisa, nikaenda ofisini mara mbili nikamkuta sekretari tu. Mimi nikajua kesi zinachelewa ndo kawaida yake.

Juzi tarehe 23 Septemba nipo dukani akaja dalali wa mahakama na karatasi. Hukumu ilitoka tarehe 12 Agosti, imesikilizwa upande mmoja, natakiwa kulipa milioni 41.6 pamoja na riba ya mahakama asilimia 7 kwa mwaka na gharama za kesi, na notisi ya siku 14, nisipolipa wanakamata mali za dukani na pikapu. Yaani mke wangu ndo alinishika mkono nikakaa chini.

Swali langu, mtu unaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa wakati ulishapeleka utetezi? Na kosa la wakili ni kosa langu? Nikate rufaa au kuna njia nyingine? Nina siku 12 zimebaki.

Mtu_wa_Igoma

Pole sana kaka. La kwanza kabla ya yote usihamishe mali wala usiandikishe pikapu jina la mtu mwingine, watu wengi wakipata hiyo notisi ndo wanachofanya na baadae hakimu akisikia anakuona huna nia njema. La pili kesho asubuhi nenda masijala ya mahakama omba kusoma faili lako, ni haki yako, soma mwenendo wote tarehe kwa tarehe uandike kwenye daftari. Ukimaliza rudi hapa.

Kanzu_Nyeusi

Mkuu pole, mimi ni wakili ila sipo Mwanza kwa hiyo nitakupa picha, halafu tafuta mtu wa hapo akushike mkono maana muda wako ni mfupi.

Ndiyo, unaweza kuhukumiwa upande mmoja hata kama utetezi upo kwenye faili. Utetezi ni karatasi, siku ya kusikilizwa inatakiwa sura ya mtu, yako au ya wakili wako. Mkikosekana wote wawili hakimu ana mamlaka ya kuendelea na mdai peke yake. Na njia yako ya kwanza sio rufaa. Sheria inakuruhusu kukata rufaa dhidi ya hukumu ya upande mmoja, lakini kwenye rufaa utabishana na hukumu yenyewe kwa ushahidi uliopo kwenye faili, na kwenye faili ushahidi wako haupo, risiti zako hazikupokelewa, kwa hiyo utakuwa unapigana mikono mitupu. Ukitaka kueleza kwanini hukuwepo unarudi mahakama ileile iliyotoa hukumu unaomba itenguliwe, Oda ya 9 kanuni ya 9 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33 (hii ni kwa toleo la 2019, ukisoma kesi za zamani utakuta wanataja kanuni ya 13, ni kitu hichohicho namba ilibadilika). Unapeleka maombi na kiapo (maelezo yako ya maandishi unayoyaapia), unaonyesha sababu ya msingi ya kutofika, na hakimu akiridhika anatengua kwa masharti atakayoona yanafaa, mfano ulipe gharama za upande wa pili au uweke pesa fulani mahakamani.

Tatizo lako kubwa ni muda. Maombi hayo yana siku 30. Hukumu tarehe 12 Agosti, siku 30 ziliisha tarehe 11 Septemba, wewe umejua tarehe 23. Kwa hiyo kabla ya kuomba itenguliwe lazima uombe kuongezewa muda, kifungu cha 14 cha Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Wapo wanaochanganya yote mawili kwenye maombi mamoja na wapo mahakimu wanaokubali, wengine wanayatupa, mimi kwa hali yako nisingejaribu bahati, ningeanza na muda peke yake.

Sasa tuje kwenye uzembe wa wakili, na hapa naomba unisome taratibu maana ndipo watu wanapoangukia. Kanuni ya kawaida ya Mahakama ya Rufani ni kwamba uzembe wa wakili SIO sababu ya kutosha, wamesema hivyo tangu kesi ya Umoja Garage dhidi ya NBC (benki ya National Bank of Commerce), 1997. Na wameenda mbali zaidi, kwenye Rufaa ya Madai Na. 219 ya 2019 wakasema mwenye kesi akiweka wakili bado ana wajibu wa kuifuatilia kesi yake kwa karibu, hawezi kumtupia wakili lawama zote. Ukisimama mbele ya hakimu ukasema tu "wakili wangu alinitelekeza" umeshashindwa kabla hujakaa.

Lakini mlango mdogo upo. Yusufu Same dhidi ya Hadija Yusufu, Rufaa ya Madai Na. 1 ya 2002, Mahakama ya Rufani ilirudia kanuni hiyohiyo halafu ikasema zipo nyakati, kwa kuangalia mazingira yote ya kesi, muda unaweza kuongezwa hata kama ndani yake kuna uzembe wa wakili. Huo mlango unaingia kwa kuonyesha WEWE ulifanya nini. Ulimpigia lini, ulimwandikia nini, alikujibu nini, ulikwenda ofisini siku gani. Zile meseji za "bado" na "tarehe imesogezwa" ni dhahabu mkuu, zipige skrinshoti zote na tarehe zake zionekane, usibadili simu, usifute kitu.

Halafu kila siku uitolee maelezo. Kuna kesi ya Lyamuya Construction ya 2010 ndiyo kila hakimu anaishika kwenye kuongeza muda, wanataka ueleze kipindi chote ulichochelewa, kisiwe kirefu kupita kiasi, uonyeshe ulihangaika na hukukaa kizembe, au uonyeshe kuna kasoro nzito ya kisheria kwenye hukumu yenyewe. Mahakama ya Rufani imeshasema hata siku moja ya kuchelewa lazima iwe na maelezo. Kwa hiyo kuanzia tarehe 23 ulivyoiona ile karatasi, kila siku inayopita unaiongezea mzigo kesi yako.

Mama_Tofali

Naomba niseme upande ambao hausemwi. Mimi nimewahi kuwa mdai. Nilisambaza tofali na kokoto kwa mtu, hakunilipa, nikaenda mahakamani, mwaka mzima na miezi mitatu nahudhuria, nafunga biashara, napanda daladala na mashahidi wangu nawalipia nauli na chakula, tunafika upande wa pili hayupo, inaahirishwa. Siku nimepata hukumu nikalia. Wiki tatu baadae mdaiwa akaibuka na wakili mpya anasema wakili wa zamani alimwangusha. Hukumu ikatenguliwa, tukaanza upya. Shahidi wangu mmoja alishahamia Katavi.

Sisemi kaka huyu ni mwongo, namwamini kabisa kwa anavyoeleza. Ila hakimu anapokuwa mgumu sio roho mbaya, kuna mtu mwingine upande wa pili ambaye hakukosea chochote. Kaka umesema mwenyewe milioni 12 na laki 6 huzikatai. Basi zilipe. Usisubiri kesi, ukienda kuomba utenguliwe uende huku ile unayoikubali umeshaitoa au uko tayari kuiweka mahakamani, hapo hata mimi kama ningekuwa mdai ningeona huyu mtu anataka hesabu sahihi, hakimbii deni.

Kanzu_Nyeusi

Mama Tofali umesema kitu ambacho mawakili wengi tunasahau kumwambia mteja. Mkuu lifanyie kazi hilo. Kiapo kinachosema "nakiri deni la 12,600,000 na niko tayari kuliweka mahakamani ndani ya siku ambazo mahakama itaelekeza, kinachobishaniwa ni 29,000,000 ambazo risiti zake ni hizi hapa" kina uzito wa aina nyingine kabisa. Kuna maneno ya kesi ya Kenya ya Shah dhidi ya Mbogo, 1967, ambayo hata mahakama zetu huyataja, kwamba mamlaka haya ya hakimu yapo ili kuepusha dhulma inayotokana na ajali, kupitiwa au kosa linalosameheka, hayapo kwa ajili ya kumsaidia mtu aliyekusudia kukwamisha haki. Kila unachokifanya sasa hivi kijibu swali hilo moja, wewe ni yupi kati ya hao wawili.

Kijana_wa_Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu Kenya ndugu mambo yako karibu sawa ila kuna tofauti ningependa mzijue kwa sababu najua wapo Wakenya wanasoma. Kama hukuitikia samansi au hukupeana utetezi, hukumu ikatoka, unaomba iondolewe chini ya Oda ya 10 kanuni ya 11 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010. Korti inauliza kwanza, je ulipewa samansi kihalali? Kama hukupewa, hiyo hukumu inaondolewa kama haki yako, haibembelezwi. Kama ulipewa basi inakuwa ni hiari ya korti, na kitu ya kwanza wanataka kuona ni utetezi wako una hoja ya kusikilizwa ama ni wa kupoteza muda, kwa hivyo lazima uambatishe rasimu ya utetezi.

Kuhusu wakili, huku tuna maneno ya Jaji Madan kwenye Murai dhidi ya Wainaina ambayo kila wakili anayakariri, kwamba kosa ni kosa, na mlango wa haki haufungwi kwa sababu wakili mzoefu aliyepaswa kujua amekosea. Ni maneno matamu. Lakini msijidanganye nayo, korti hizohizo zimesema kesi ni ya mwenye kesi sio ya wakili na mtu hawezi kulala halafu aamke kumlaumu wakili. Mjomba wangu alipoteza shamba hivyo, alikaa miezi minne baada ya kujua akisema "wakili atarekebisha", wakili yuleyule aliyeharibu. Tafadhali usimrudie yuleyule.

Saruji_na_Nondo

Wakuu nimerudi, Mungu awabariki. Leo nimeshinda mahakamani, karani kanisaidia sana nimesoma faili lote. Nimeandika hivi:

Tarehe 4 Juni wakili wangu hakuwepo, kuna wakili mwingine alisimama kwa niaba yake akaomba ahirisho, akapewa. Tarehe 25 Juni vilevile, wakili mwingine tena, hakimu akaandika ni ahirisho la mwisho. Tarehe 16 Julai hakutokea mtu, mdai akaomba waendelee upande mmoja, akatoa ushahidi yeye na mhasibu wake. Hukumu ikapangwa tarehe 5 Agosti ikasogezwa 12 Agosti.

Sasa angalieni meseji zangu. Tarehe 26 Juni, yaani kesho yake baada ya ahirisho la mwisho, nilimuuliza "wakili vipi kuna tarehe?" akanijibu "bado ndugu hakimu ana semina, tulia." Tarehe 18 Julai nikamuuliza tena akajibu "imesogezwa mpaka septemba." Alikuwa anajua. Nimekaa kwenye benchi pale nje nikaisoma hiyo meseji mara tano. Mimi huyu mtu nilimpelekea hadi sato nyumbani kwake.

Kitu kingine, sijaona kwenye faili karatasi yoyote ya kunijulisha tarehe ya hukumu. Hakuna. Karani naye kaangalia hakuona.

Kanzu_Nyeusi

Simama hapohapo mkuu, hicho cha mwisho ulichokiandika ndicho kikubwa kuliko vyote.

Soma Cosmas Construction dhidi ya Arrow Garments, 1992, Mahakama ya Rufani. Walisema asiyefika anajinyima nafasi ya kushiriki kesi ikisikilizwa upande mmoja, lakini adhabu yake inaishia hapo, bado ana haki ya kujua mwisho wa kesi, lazima ajulishwe tarehe ya hukumu ili akitaka aje kuipokea. Wewe hukujulishwa, wala hakuna uthibitisho kwamba wakili wako alijulishwa. Hilo halimhusu wakili wako hata kidogo, ni kasoro ya mwenendo wenyewe na inaonekana kwa macho kwenye faili bila kuchimba. Na ndiyo inayoeleza kwanini siku 30 zilipita hujui. Tangu kesi ya Valambhia ya 1992 kasoro ya kisheria ya namna hiyo ni sababu inayojitegemea ya kuongeza muda. Kwa hiyo kwenye kiapo chako usianze na wakili. Anza na kutojulishwa hukumu, wakili aje wa pili.

Omba nakala zilizothibitishwa za mwenendo, hukumu na dikrii (hati ya amri inayotokana na hukumu) leo, kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hizo siku za kusubiri nakala zinaelezeka ukiwa na barua.

Jingine kuhusu kiapo. Usiandike "sekretari wa wakili aliniambia hivi" au "karani aliniambia vile" ukaishia hapo. Kesi ya NBC dhidi ya Superdoll ilishasema kiapo kinachomtaja mtu mwingine ni tetesi mpaka huyo mtu naye aape. Kwa hiyo karani mtafutie kiapo chake kifupi akubali kwamba kwenye faili hakuna uthibitisho wa kujulishwa, akiogopa basi ambatisha mwenendo wenyewe unaongea. Mkeo kama alikwenda nawe ofisini kwa wakili, naye aape.

Na wakili wako, mwandikie barua rasmi ya kumwachisha kazi na kumdai faili lako. Mwombe aape kiapo kukiri alichofanya. Wengi hukataa, akikataa sema kwenye kiapo kwamba ulimwomba hivi tarehe hii akakataa, ambatisha barua. Malalamiko Kamati ya Mawakili yapo chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, unaweza kuyapeleka na ningekushauri uyapeleke, ila elewa Kamati inamshughulikia yeye na leseni yake, haigusi hukumu yako. Hata kumdai fidia kwa uzembe ni kesi nyingine ya baadae. Pia muangalie kwenye e-Wakili (mfumo wa mtandaoni wa mawakili) kama leseni yake ni hai, sio jambo la kuchukulia poa.

Masijala_Mstaafu

Nilifanya kazi mahakamani miaka mingi, naongezea kitu kimoja ambacho nimeona kikiliza watu wengi. KUFUNGUA MAOMBI HAKUMZUII DALALI. Watu wanapeleka maombi ya kuongeza muda wanarudi nyumbani wamelala, siku ya 15 gari linabebwa wanashika kichwa. Lazima uombe pia kusimamisha utekelezaji, uyafungue pamoja na hati ya dharura ili yapangiwe mbele ya hakimu haraka, na ukipata amri ya zuio mpelekee dalali mwenyewe nakala asaini kupokea. Usimtume mtoto.

Na siku ya kutajwa uwepo wewe mwenyewe ukumbini hata kama wakili mpya atakuwepo. Kila tarehe. Tarehe ikitoka iandike kwenye daftari lako ukiwa palepale, usisubiri kuambiwa na mtu. Hakimu akikuona umekaa benchi la mbele kila mara anajua mwenye mali amekuja.

Saruji_na_Nondo

Nimepata wakili mwanamama hapa mjini, kanisikiliza saa nzima, kasoma nilichoandika kwenye daftari na hizi skrinshoti, kasema tunaenda kama mlivyoelekeza, muda kwanza pamoja na zuio kwa hati ya dharura, kutojulishwa hukumu ndio hoja ya mbele. Barua ya kuomba nakala imepokelewa leo saa saba mchana ina muhuri. Barua ya wakili wa zamani nimempelekea sekretari kasaini, mke wangu alikuwepo kashuhudia.

Kuhusu zile milioni 12 na laki 6, Mama Tofali nimekuelewa na imenigusa kwa kweli. Nimeuza pikipiki moja na mzigo wa bati, ninazo milioni 9, shemeji anakamilisha zilizobaki. Wakili kasema tutaandika kwenye kiapo kwamba ziko tayari kuwekwa mahakamani.

Tunafungua Jumatatu asubuhi. Tarehe ya kwanza ikitoka nitaiweka hapa, nitakuwa benchi la mbele.